Kutoa USDT soko moja kwenda jingine: tathmini ya kile kisanduku cha mtandao

Kazi yangu ni kuhariri video. Nakaa Majengo, Mombasa, na mteja wangu mkubwa yuko Sharjah. Yeye anauza nyumba, mimi namkatia video za kuzionyesha: sebule, jikoni, roshani, bahari kwa mbali. Analipa kila baada ya wiki mbili. Zamani tulitumia benki. Benki yake ikakata kule, yangu ikakata huku, na katikati palikuwa na benki ya tatu tusiyoijua sote wawili, nayo ikachukua chake. Tukahamia USDT, ile dola ya kidijitali ya kampuni ya Tether, moja kwa dola moja. Tangu hapo lawama zangu zina anwani nyingine.

Mpango wenyewe uko hivi. Mteja hunilipa ndani ya soko la kripto analotumia yeye, ambamo nami nimefungua akaunti. Hapo hakuna ada wala kungoja. Shida ni kwamba kwenye soko hilo wanunuzi wa M-Pesa ni wachache, na bei yao huwa chini kwa shilingi mbili tatu kwa kila dola. Soko la pili lina wanunuzi tele. Basi nazitoa USDT soko la kwanza, naziingiza la pili, namuuzia mtu, simu inalia, pesa imeingia. Ninachokitathmini ni kipande cha katikati tu, hasa kile kisanduku kilichoandikwa "Chagua mtandao", yaani njia ambayo USDT zitapitia kutoka soko moja hadi jingine. Majina ya masoko siyataji. Nimeshapita kwenye manne kwa jumla, na ukurasa wa kutoa unafanana kote kama sare za shule.

Ukibonyeza Toa, ukachagua USDT, unaulizwa anwani, mtandao na kiasi. Anwani unabandika ulichonakili. Kiasi unakijua. Kwenye mtandao inafunguka orodha, na kwenye simu yangu, ambayo kioo chake kimepasuka pembeni, inaonekana mistari mitano tu mpaka usukume kwa kidole. Kila mstari una jina la mtandao, chini yake muda wa kufika kwa maandishi ya kijivu yasiyosomeka juani, na upande wa kulia, kwa herufi nzito, ada. Jicho linakimbilia ada. Aliyeupanga ukurasa huu alijua litakimbilia huko.

Usiku ninaotaka kuusimulia, mistari yangu ilisema hivi: Ethereum 3.5, TRON 1, Solana 0.5, Arbitrum One 0.1. Ilikuwa Ramadhani ya 2025, kumi la kati, baada ya tarawehe. Nilikuwa na USDT 212, na kwa bei ya wakati ule ya kama shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi 27,000. Nguo za Idd za watoto zilikuwa humo, na nusu ya kodi.

Nilifungua soko la pili, nikabonyeza Weka, nikachagua USDT. Likaniletea mitandao mitatu: ERC20 (ndiyo Ethereum), TRC20 (ndiyo TRON), BEP20 (ndiyo BNB Smart Chain). Nikagusa ya kwanza kwa sababu ilikuwa ya kwanza. Ikatokea anwani inayoanza na 0x, nikainakili. Nikarudi soko la kwanza, nikabandika, nikafungua orodha, nikaona 3.5 nikaguna, nikaona 0.1 nikafurahi. Arbitrum One. Ukurasa haukulalamika. Ulitoa onyo lake la kila siku, hakikisha mtandao unalingana na wa anayepokea, pamoja na kijiduara cha kutia tiki. Nilitia tiki kama ninavyotia kwenye masharti ya kila kitu. Nikaingiza msimbo. Baada ya dakika mbili ikaja barua pepe: umefaulu kutoa.

Soko la pili: sifuri. Nikangoja. Nikala daku. Sifuri.

Asubuhi nilichukua ile namba ndefu ya muamala, nikaitafuta kwenye Arbiscan, daftari la wazi la Arbitrum ambalo yeyote anaweza kulisoma. Pesa yangu ilikuwa pale, 211.9, imefika kwenye anwani ileile niliyoibandika, herufi kwa herufi, na pembeni alama ya kijani ya kuonyesha muamala umekamilika. Mamangu alikuwa anachambua mchicha, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza.

"Zimeibwa?"

"Hapana, Mama. Ninaziona."

"Unaziona wapi?"

"Hapa, kwenye simu."

"Basi zichukue."

Sikuwa na jibu la haraka, na nimelitafuta kwa muda mrefu. Nikimwelezea mtu leo namwambia hivi. Chukua nyumba nambari 14. Tudor ipo, Changamwe ipo, Bamburi ipo. Ile anwani ya 0x ni nambari ya nyumba. Mtandao ndio mtaa. Ethereum, BNB Smart Chain, Polygon na Arbitrum zimejengwa kwa ramani moja, ya Ethereum, kwa hiyo nambari moja ya nyumba inakubalika kwenye mitaa yote minne. Mimi niliambiwa nambari 14 ya mtaa wa Ethereum, nikapeleka mzigo nambari 14 ya mtaa wa Arbitrum. Nyumba ile nayo ni ya soko lilelile, ufunguo wanao wao, ila hawajaweka mlinzi pale. Hakuna anayepita kuangalia kama kuna mzigo mlangoni.

Ndiyo maana kosa hili lina uzito tofauti kutegemea nani ana ufunguo. Kama ningekuwa nimetuma kwenye pochi yangu mwenyewe, ile programu ya simu ambamo ufunguo unaushika wewe na si soko, ufunguo wangu ungefungua mitaa yote. Ningeongeza Arbitrum kwenye pochi, nikatafuta ETH kidogo, sarafu ya Ethereum, ya kulipia ada ya mtandao, nikazihamisha, mambo yakaisha kabla ya adhuhuri. Kwenye soko, ufunguo unao wao, na mtu wa kwenda kufungua ni fundi wao, na fundi wao ana foleni.

Na kosa linalokufika ni hili la 0x kwa 0x, si lile watu wanaloliogopa. Ukibandika anwani ya TRON, inayoanza na T na yenye herufi 34, ukachagua Ethereum, ukurasa unakataa palepale: anwani si sahihi. Umeokolewa na umbo. Wanaoumia ni wale ambao umbo linawakubalia.

Huduma kwa wateja ya soko la pili ilianza na mashine iliyoniletea makala sita za kusoma. Niliandika neno "mtu" mara tatu ndipo mtu akaja. Akaomba namba ya muamala, picha ya ukurasa wa kutoa, anwani, na video fupi ya mimi mwenyewe nikiingia kwenye akaunti ya soko la kwanza nikionyesha muamala. Video! Hapo angalau niko nyumbani. Nikamtengenezea nzuri, sekunde 40, mwanga wa dirishani, bila kutetemeka. Akanijibu: "Mpendwa mteja, soko letu halipokei USDT kupitia Arbitrum. Unaweza kuomba urejeshewe. Ada ni USDT 45. Hatuahidi kufanikiwa. Muda ni hadi siku 30 za kazi."

Arobaini na tano. Kwenye kisanduku nilikuwa nikikimbia TRON ya dola moja ili nilipe senti kumi.

Nilikubali, ningefanyaje. Siku ya 26, Idd imeshapita na watoto wameshavaa za mwaka jana, akaunti ikaonyesha 166.9. Kwa upande huo siwezi kuwanung'unikia: walisema watajaribu, wakajaribu, wakakata walichosema watakata. Najua watu ambao soko lao liliwajibu kwa mstari mmoja tu, kwamba haliwezekani.

Sisi huku tumelelewa na M-Pesa, na nadhani hilo ndilo linalotuponza. M-Pesa inakutajia jina la mtu kabla pesa haijaondoka. Ukishatuma vibaya, unaipeleka ile meseji kwenda 456, unaomba irudishwe, na kama aliyepokea hajazigusa kuna matumaini. Kwenye blokcheni, yaani hii mitandao yote ninayoitaja, hakuna jina na hakuna 456. Tumezoea mfumo unaotusahihisha, halafu tunaingia kwenye mfumo unaotutii.

Kwa hiyo nimegeuza mpangilio wangu wote juu chini, na ndilo jambo moja ningependa mtu alichukue hapa. Siku hizi siuanzii ukurasa wa kutoa. Naanza kwa anayepokea. Nafungua ukurasa wa kuweka wa soko la pili, naangalia linapokea mitandao gani leo (leo, si wiki iliyopita), naandika kwenye karatasi. Ndipo naenda kwenye ukurasa wa kutoa, natafuta kwenye orodha yake ile mitandao iliyo kwenye karatasi yangu tu, na humo ndimo natafuta ada ya chini. Mitandao mingine hata iwe bure, kwangu haipo.

Nasema leo kwa sababu mwezi mmoja baadaye nilikuta kwenye ukurasa wa kuweka kijitepe cha njano: kuweka kwa TRC20 kumesimamishwa kwa muda, matengenezo. Soko la kwanza wala halikuwa na habari. Ada yake ya 1 ilikuwa inang'aa palepale kama kawaida. Ningetuma, pesa ingekaa hadi matengenezo yaishe. Isingepotea, ila mwenye nyumba haelewi lugha hiyo.

Majina nayo yanachosha. Soko moja linaandika TRC20, jingine TRON, jingine TRX, na zote ni njia moja. BEP20, BSC na BNB Smart Chain ni njia moja. Lakini BEP2 ilikuwa njia nyingine kabisa, na imeshafungwa tangu 2024, ingawa makala za zamani bado zinaitaja. Hiyo 20 inayojirudia huwafanya watu wadhani ERC20, TRC20 na BEP20 ni ndugu wanaopitishiana mizigo. Hapana. Ilitokana na namba ya pendekezo moja la watu wa Ethereum la mwaka 2015, pendekezo namba 20, wengine wakaiga jina. Hilo lingeandikwa kwa mstari mmoja chini ya kisanduku lingewaokoa wengi, na nafasi ipo, nimeipima.

Sasa mitandao yenyewe, kwa jinsi ilivyonihudumia mimi, mtu wa kuhamisha kati ya dola 100 na 300.

TRON ndiyo ninayoitumia mara nyingi, na karibu kila mnunuzi ninayekutana naye anaijua. Boksi moja la miamala huundwa kila sekunde tatu, na masoko husubiri maboksi kama ishirini, kwa hiyo dakika inatosha. Kwangu, tangu niingize msimbo hadi salio lisome, huwa ni dakika mbili au tatu. Ada ya 1 haibadiliki, utoe 20 au utoe 2,000. Watu hawaipigii hesabu hiyo. Kwa 200 ni nusu asilimia, sawa. Kwa 20 ni asilimia tano, na hapo hata wakala wa M-Pesa anakuwa malaika. Nilipoliona hilo nikaacha kuhamisha vidogovidogo. Naziacha zikusanyike mpaka zifike 200.

Ila TRON ina upande wake mwingine, na niliuonja nilipoamua kuwa na pochi yangu mwenyewe badala ya kuacha kila kitu sokoni. Nikahamishia 60 kwenye pochi, zikafika vizuri. Wiki iliyofuata nataka kuzitoa, pochi inaniambia sina TRX ya kulipia. Nina dola 60 na siwezi kuzisogeza hata hatua moja! Kwenye soko, soko ndilo hulipa mtandao kisha likakukata USDT; kwenye pochi unalipa mwenyewe, kwa sarafu ya mtandao huo. TRON hupima kwa kitu wanachokiita nishati: USDT ikienda kwa mtu ambaye tayari ana USDT inakula nishati kama 65,000, ikienda kwenye pochi isiyo na kitu inakula kama mara mbili yake. Mwishoni mwa Agosti 2025 bei ya nishati ilishushwa kutoka sun 210 hadi sun 100, na sun milioni moja ni TRX moja, kwa hiyo siku hizi weka akiba ya TRX 7 hadi 14 kabla hujaweka dola yoyote humo. Nilinunua TRX, nikazihamisha, nikajifunza.

Ethereum siitumii. Si mbaya; ndiyo mkongwe, kila soko linaipokea, na kwa anayehamisha dola 20,000 ile 3.5 si kitu. Mimi si huyo.

BNB Smart Chain ni rahisi kuliko TRON kwenye soko langu, na ningeitumia zaidi. Kuna jambo moja dogo ambalo kisanduku hakikuambii: USDT ya huko haitolewi na Tether wenyewe, ni nakala inayotolewa na Binance, soko kubwa la kripto, na kushikizwa kwenye ile halisi. Kwa kuhamisha na kuuza ndani ya nusu saa sijali. Kwa kuweka akiba ya miezi, ningejali. Na usisahau kwamba nayo ni 0x, kwa hiyo hadithi yangu ya nyumba nambari 14 inaihusu.

Solana nimeitumia mara tatu, zote zikafika kabla sijabadilisha ukurasa. Mnamo Februari 6, 2024 ilisimama kwa karibu saa tano, nzima, haipitishi chochote, kwa hiyo bado naiangalia kama ninavyomwangalia fundi mzuri asiyeshika ahadi. Labda namwonea.

TON, mtandao uliounganishwa na Telegram, ni habari ya pekee. USDT iliingia huko Aprili 2024, na kwa wanaoishi ndani ya Telegram ni rahisi. Lakini ukiipeleka sokoni unapewa vitu viwili: anwani, na namba iitwayo memo. Kwa XRP, sarafu nyingine, ni hivyohivyo, wao huiita tagi. Anayelipa kodi au karo kwa Paybill analielewa hili mara moja: namba ya biashara ni ya wote, namba ya akaunti ndiyo inayosema wewe ni nani. Ukituma bila memo, pesa inaingia kwenye sanduku la soko pamoja na za watu wote, na unarudi kwa fundi mwenye foleni. Nimeona kurasa za kutoa zinazouacha mstari wa memo uwe wa hiari, "jaza kama inahitajika". Nani anajua kama inahitajika? Hapo nakata nyota nzima.

Kuhusu kujaribu kwanza kwa kiasi kidogo: ndiyo, nafanya, kila anwani inapokuwa mpya. Kiwango cha chini cha kutoa kwenye soko langu ni USDT 10, ada 1. Nahamisha 10, nangoja zisome upande wa pili, ndipo nahamisha zilizobaki kwa ada nyingine ya 1. Mdogo wangu ananicheka kwamba nalipa mara mbili. Namwambia dola moja ya ziada ndiyo bima ya bei rahisi niliyowahi kukata, na yeye tuktuk yake haina hata hiyo.

Lakini kujaribu kuna mtego wake. Ukishajaribu, usirudi kwenye orodha ya miamala ya zamani kunakili anwani. Kwenye ile pochi yangu ya TRON niliwahi kukuta muamala nisioujua, USDT 0.000001, umetoka kwenye anwani ambayo herufi zake nne za mwisho ni zilezile za anwani ninayoitumia kila mara. Mtu aliitengeneza makusudi na kunirushia vumbi ili siku moja nikiwa na haraka niinakili yake. Mei 2024 mwenye bitikoini 1,155 za kwenye Ethereum, ile inayoitwa WBTC, zenye thamani ya kama dola milioni 68, alinakili ya mwizi kwa njia hiyohiyo. Bahati yake baada ya mazungumzo mwizi alirudisha karibu thamani yote. Mimi wangu hatanirudishia. Nanakili kutoka kwenye ukurasa wa kuweka tu, kila mara upya, na nasoma herufi sita za mwanzo na sita za mwisho kwa sauti. Nyumbani wameshazoea.

Kitu kimoja cha kusifu, maana sikuja kulaani tu. Tangu mwaka jana soko la kwanza limeongeza kitabu cha anwani: unahifadhi anwani pamoja na mtandao wake, unaipa jina, na siku nyingine unachagua jina. Yangu inaitwa "soko la kuuzia, TRON". Nikiigusa, kisanduku kinajijaza chenyewe na ile mistari mingine inafifia, haishikiki. Ni hicho tu! Laiti kingekuwepo usiku ule. Na kimefichwa nyuma ya kialama kidogo cha daftari ambacho nilikigundua kwa kukigusa kimakosa.

Kodi naitaja kwa kupita. Kwetu Kenya ile asilimia tatu ya kila uhamisho wa mali za kidijitali, iliyoanza Septemba 2023, iliondolewa Julai 2025, ikaja ushuru wa asilimia kumi juu ya ada anayotoza mwenye jukwaa. Kwa hiyo sasa ada kubwa inakuuma mara mbili. Bado haijawa sababu ya kukimbilia senti kumi.

Wiki iliyopita mteja wangu aliniandikia kwamba ameanza kutumia pochi yake mwenyewe, hataki tena kulipa ndani ya soko, akauliza, "Nikutumie kwa njia gani iliyo rahisi?" Nilimwambia asubiri dakika tano. Nikafungua ukurasa wa kuweka, TRC20 ipo, hakuna kijitepe cha njano. Nikamtumia anwani, chini yake nikaandika jina la mtandao kwa majina yake yote matatu, nikamwuliza kama ana TRX. Hakuwa nayo. Nikamweleza habari za nishati kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Akajibu kwa kidole gumba.

Lile ombi langu la Ramadhani lilipofungwa, soko la pili lilinitumia fomu ya kumpima mhudumu, nyota moja hadi tano. Yeye nilimpa tano. Alikuwa mpole, na alijibu hata siku ya Idd. Kuhusu kisanduku chenyewe hakuna aliyeniuliza, hivyo nakipa hapa: mbili, na ya tatu kwa ajili ya kile kitabu cha anwani, wakikitoa mafichoni.